Nyumba Hii Haiuzwi

Mh! Jamani, jamani, jamani. Sogea hapa ukae, benchi lina nafasi, kahawa ndiyo kwanza imefika na kashata bado ni ya moto. Tazama pale ng'ambo ya barabara. Unamwona yule kijana mwenye kopo la rangi nyekundu? Anaandika ukutani kwa bi mkubwa wetu, nyumba ile yenye mpera. NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Mama wa watu kapita miaka sabini, kazalia humo, kaoza mabinti humo, kafiwa na mume humo, na leo katika uzee wake analazimika kununua kopo la rangi ili autangazie ulimwengu kwamba nyumba yake ni yake! Nimesonya mpaka ulimi umeniuma.

Na sisi tumeshazoea, hilo ndilo balaa lenyewe. Toka hapa Tabata, nenda Mbagala, pinda Temeke, rudi kupitia Magomeni, maandishi hayo utayasoma kwenye kuta hadi uone ni pambo la mji. Ng'ombe umeona wapi kaandikwa ubavuni kwamba hauzwi? Nyumba tu. Na kila ukuta ulioandikwa hivyo una kisa nyuma yake: mtoto aliyeleta wanunuzi mama yake akiwa amelazwa, au mpangaji aliyejipa cheo cha mwenye nyumba, au mjomba aliyetokea baada ya arobaini. Kwa bi mkubwa ilikuwa wiki iliyopita. Karudi sokoni na kapu lake, akakuta wanaume watatu uani. Mmoja anapima uwanja kwa hatua, mwingine kafungua choo anakikagua, wa tatu anaongea na simu, "ndiyo bosi, pako vizuri." Akawauliza, nyie kina nani? Wakamjibu bila haya: "Shikamoo mama. Sisi wanunuzi. Wewe ndiye mpangaji?" Mpangaji! Kwenye nyumba aliyobebea maji ya kufyatulia matofali yake kichwani!

Mimi ni dalali. Mwaka wa ishirini na mbili huu nawatembeza watu mitaa hii, kwa hiyo haya siyasemi kwa kuhadithiwa. Na kwa miaka yote hiyo jambo linaloninyima usingizi ni moja: watu wetu wananunua nyumba kwa macho matupu, masikio wameyaacha kwao. Sokoni mama atabinya nyanya kumi kabla hajatoa mia tano yake. Shati la mtumba pale Karume mtu ataligeuza nje ndani, atalinusa makwapa, ataliinua juani aone kama lina tundu. Nyumba ya milioni themanini je? Anaingia, anainua shingo, anaona dari ya jipsamu imekatwa maua na taa za rangi zinawaka, basi, moyo umekwenda. "Dalali, hii ni yangu. Mwite mwenyewe tuongee."

Juzi nilikuwa na bwana na bibi, waliooana juzi juzi tu, watoto wazuri, wana adabu. Kila chumba walikuwa na swali. Masta ni ngapi? Jiko lina makabati? Geti ni la kusukuma au la kufungua? Bibi anapima sebule kwa macho aone kama kochi lake litaenea. Nimesimama mlangoni mikono kiunoni nasubiri swali moja tu: jina lililo kwenye hati ni la nani? Saa nzima halikuja. Ikabidi niliulize mimi, mbele ya muuzaji, na muuzaji akaanza kukohoa.

Kikohozi kile nakijua. Ukikisikia, ujue kuna mtu hajaambiwa, na mara nyingi mtu huyo ni mke. Sheria ya Ndoa ipo tangu 1971, na kifungu chake cha 59 kinasema nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja pasipo ridhaa ya mwenzake. Zaidi ya miaka hamsini sasa, sheria ina umri wa kuitwa babu! Na bado mwanamume mzima mwenye ndevu atakuja hapa kijiweni, atakuvuta kando, sauti chini: "Kaka, tufanye haraka, mama watoto yuko Korogwe kwenye msiba, anarudi Jumapili." Anarudi Jumapili! Mmoja nilimfukuza hapa hapa, kahawa yangu ikapoa. Akaenda kwa mwingine, nyumba ikauzwa Alhamisi. Jumapili ikafika. Mama yule anashuka kwenye bajaji, khanga ya msiba kichwani, mkungu wa ndizi mkono huu na dumu la mafuta mkono huu, anakuta fuso mlangoni linashusha makochi ya watu asiowajua. Yowe alilopiga lilitutoa wote kijiweni, hata mcheza bao aliyekuwa anakula akabaki na kete mkononi. Kesi ikaenda Baraza la Ardhi na Nyumba. Makochi yakabaki uani chini ya turubai, masika yakayapitia, yakaota uyoga. Mnunuzi alikuwa anapita kila jioni kuyatazama, anasimama kidogo, anaondoka. Nilimhurumia, lakini jamani, ukutani sebuleni palikuwa na picha ya harusi kubwa kama mlango! Hakuiona? Aliiona. Alisema fremu yake ni nzuri.

Nyumba za urithi ndiyo usiseme. Aaah! Kijana anakuja, hujamuuliza kitu, anaanza: "Familia tumekubaliana, haina mgogoro." Mtu akikwambia haina mgogoro kabla hujamuuliza, vaa viatu. Familia gani? Yeye na mdogo wake anayemdai. Barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani hana, muhtasari wa kikao cha ukoo hana, ana cheti cha kifo na picha ya marehemu kavaa koti. Niliwahi kukaa kwa wakili, fedha ziko mezani, kalamu imeshashikwa, mlango ukagongwa. Akaingia bwana mrefu, katoka Tunduru kwa basi, vumbi mpaka kwenye nyusi, na sura ni ya marehemu mtupu: pua ile, masikio yale, hata namna ya kusafisha koo. Akasema taratibu, "Mimi ndiye mtoto wa kwanza." Wakili akafunika kalamu yake.

Sasa sikiliza kinachoniuma. Siku ile ile nilirudi mtaani nikamuuliza mwenye genge wa jirani na nyumba ile, mama, unamjua kijana mrefu hivi na hivi? Hata hakuinua kichwa kwenye mchicha wake. "Si yule wa mama mkubwa, wa Tunduru? Kila Idi huja, huniletea korosho." Genge la mchicha lilikuwa na jibu! Mnunuzi alikuwa kapita mbele ya genge lile mara nne na vioo vyeusi vya gari vimepandishwa. Angeteremka akanunua fungu moja la mchicha, akasema "mama, habari za hapa," angeokoa milioni zake. Jirani anajua nani kazaliwa wapi, nani anadaiwa, mpaka wa kiwanja uligombewa mwaka gani na nani alimshikia mwenzake panga. Lakini nyie mnaona aibu kuongea na muuza mchicha. Mnaongea na dari.

Hata hati yenyewe mtu anaishika kama msahafu na haisomi. Ardhi ya nchi hii ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wetu, sisi tumepewa haki ya kuitumia kwa miaka iliyoandikwa: 33, 66 au 99. Nimeona mtu anatoa bei ya kichaa kwa hati ya miaka 33 iliyoanza 1995. Hesabu mwenyewe imebaki nini. Ndiyo, muda huombewa nyongeza, lakini si ujue kwanza unanunua nini? Mwingine kashika leseni ya makazi na kuiita hati. Mwingine ana karatasi ya daftari yenye muhuri wa serikali ya mtaa na saini ya mjumbe aliyekwisha kufa. Ukimwambia nenda kwa Msajili wa Hati ukafanye upekuzi ujue nyumba ina mkopo wa benki au zuio la mahakama, anakuona unamchelewesha. Ada ya upekuzi haifiki hata bei ya bawaba za lile geti alilolipenda.

Halafu huu ugonjwa wa kununua nyumba kiangazi! Februari, jua linachoma, Mto Msimbazi umelala kama mfereji ambao mtoto anauruka kwenda shule, na mteja wangu kasimama bondeni anavuta pumzi, "dalali, hapa pana hewa." Hewa! Desemba 2011 tuliwaona watu juu ya mapaa huko Jangwani, maji yakipita dirishani. Waathirika wakapelekwa Mabwepande, wakapewa viwanja, na wako waliouza viwanja hivyo wakarudi bondeni kule kule. Desemba 2015 yakaja matingatinga Msimbazi na Mkwajuni, vilio vikaanza upya. Hayo yote tumeyaona kwa macho yetu, na Februari ikifika mtu anavuta hewa. Mimi mteja wangu humwambia njoo Aprili, asubuhi, baada ya mvua ya usiku kucha, na uje na buti za mvua. Hasira anazonipandishia! Eti namwekea mwingine. Basi kama huwezi kungoja Aprili, tazama ukuta. Nyumba nzima rangi imepauka, isipokuwa kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno, hapo pamepakwa juzi, panang'aa. Nani anapaka nyumba mpaka kiunoni, jamani? Maji ndiyo yaliishia hapo!

Na rangi hufunika mengi. Mwaka 2017, wakati wa bomoabomoa ya Kimara hadi Kibaha kwenye hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuta zilijaa alama ya X nyekundu. Palikuwa na mtu aliyeipaka rangi ya maziwa juu yake akatafuta mteja chapuchapu. Ile nyekundu haifi. Mvua mbili tu inarudi, kwanza kama waridi, kisha inakolea. Mnunuzi alikuja kunililia hapa, si mimi niliyemuuzia, alikuja tu kwa kuwa benchi hili husikiliza. Nikamuuliza, ndugu yangu, hukuiona? "Niliiona kwa mbali, nikamuuliza, akasema ni alama ya watu wa sensa." Sensa! Sensa ilikuwa imepita tangu 2012! Nikakosa la kusema, nikamnunulia kahawa.

Usidhani wauzaji wamesalimika. Wauzaji ndio wamenitia mvi. Kuna mzee wangu mmoja hapa mtaa wa pili, namheshimu kama baba, anauza milioni mia mbili nyumba ambayo ukiiegemea inasogea. Nikamuuliza kwa adabu, mzee wangu, hii bei tumeitoa wapi? Akanishika mkono akanitembeza. Mwembe huu niliupanda mwaka aliozaliwa binti yangu mkubwa. Hapa ndipo nilipoanguka na ngazi nikipaua, mkono ukavunjika, tazama kovu. Saruji ya chumba hiki niliipata kwa kibali, mwaka 1984, wakati mfuko mmoja ulikuwa kama dhahabu. Nasikiliza na machozi yananilengalenga, kwa sababu ni kweli, kila tofali pale ni jasho. Lakini baba, mnunuzi hanunui mkono uliovunjika! Anataka kujua choo kinavuta au hakivuti. Mwaka wa sita huu nyumba iko sokoni, mzee kila anapomkumbuka mtu aliyemsaidia kujenga anaongeza milioni mbili.

Mwingine bei yake ni shida yake. Anadaiwa milioni arobaini na tano, basi nyumba ni milioni arobaini na tano. Mwezi ujao mtoto kapata chuo, nyumba imekuwa hamsini, ukuta haujaongezwa hata tofali. Mwingine bei yake ni uvumi. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa Aprili 2016, shamba la mihogo lililokuwa Jumatatu linapaliliwa, Ijumaa limekuwa kiwanja chenye upepo wa bahari. Mwaka huo huo ikatangazwa kwamba Serikali inahamia Dodoma, na watu wa hapa ambao hawajawahi kufika hata Morogoro wakawa na viwanja vya kuuza Dodoma, wanavigawa kwenye simu kama karanga.

Na bei zetu zinasoma magari! Mwenye nyumba kaniambia asubuhi milioni sitini na tano, tumekubaliana, tumepeana mikono. Mchana mteja anafika na Prado. Naona kabisa jicho la mwenye nyumba linatoka kwenye taa za mbele, linapita kwenye tairi, linarudi kwa mteja, na namwona midomo inahesabu. "Karibu mheshimiwa. Hii tunaiuza milioni themanini na tano, maongezi yapo." Moyo wangu puu! Siku hizi wateja wangu huwaambia mapema, gari acheni pale kwa muuza mkaa, mje kwa miguu, na saa ya mkononi itieni mfukoni.

Sasa tuje kwa wenzangu, na hapa nasema kwa uchungu kwa sababu kazi hii naipenda, imenisomeshea watoto. Zamani dalali alikuwa mtu wa mtaa. Anamjua muuzaji na mkwe wa muuzaji, asilimia kumi yake analipwa mchana kweupe. Leo nyumba moja ina madalali tisa. Mwenyewe kasema milioni sabini, wa kwanza kaweka cha juu, kampa wa pili, naye kaweka chake, ikimfika mteja ni milioni tisini na mbili na hakuna kati yao anayeujua mlango. Siku ya kuonyesha wanakuja wote! Mteja anashuka anadhani ni maandamano. Na kila mmoja anadai hela ya kuonyesha, ya nauli, ya usumbufu, na vijana wengine hilo ndilo shamba lao: asubuhi mpaka jioni anawaonyesha watu nyumba iliyopangishwa tangu mwezi uliopita, akusanye elfu kumi kumi. Picha zao je? Chumba cha futi kumi wanakipiga picha kutoka juu ya dirisha mpaka kinaonekana uwanja wa mpira. "Dakika kumi kutoka Mwenge." Ni kweli, dakika kumi, saa tisa ya usiku, siku ya mkesha wa Idi, ukiendesha gari la wagonjwa.

Mwenye kuniumiza moyo kuliko wote ni aliyeko mbali. Kuna ndugu yetu alikuwa Muscat, dereva, miaka kumi na moja kwenye jua lile. Kila mwezi anatuma. Ndugu yake wa tumbo moja huku anampelekea picha: msingi umeisha kaka, tumefika kwenye lenta kaka, bati zimepanda. Karudi na masanduku na mapazia, ndiyo, mapazia kabisa, alikuwa amepelekewa vipimo vya madirisha! Akapelekwa kwenye nyumba, akagonga geti, akatoka mwenye nyumba halisi akamkaribisha chai akidhani ni mgeni kapotea. Nyumba ya picha ilikuwa ya jirani. Alikaa hapa unapokaa wewe, mapazia magotini, hasemi. Tungemwambia nini? Simu moja tu kwa mtu wa mtaani asiyehusika, mwenye genge yule yule wa mchicha, "nipitie pale uniambie unaona nini," ingetosha.

Na ujanja wa kuandika bei ya uongo kwenye mkataba, nao nimeusonya. Muuzaji anatakiwa kulipa kodi ya asilimia kumi ya faida aliyopata, basi wanashauriana, tuandike milioni thelathini ingawa tumelipana tisini. Mthamini akija anaandika chake, na ugomvi ukizuka, mnunuzi anasimama mbele ya baraza anadai arudishiwe tisini, mkononi ana karatasi aliyoisaini mwenyewe inayosema thelathini. Wee! Sitaki hata kuikumbuka sura ya yule bwana.

Haya, tazama, kijana kamaliza kuandika. Kaandika vizuri, herufi zimesimama, HAIUZWI kaipigia mstari mara mbili kama alivyoagizwa. Bi mkubwa katoka kuisoma, mikono nyuma. Mh, na huyu wa bodaboda anasimama kufanya nini? Abiria anateremka. Shati limechomekwa, bahasha kwapani. Anausoma ukuta, neno kwa neno, midomo inacheza, rangi bado inachuruzika. Sasa anavuka anakuja kwetu.

"Shikamooni wazee. Samahani, ile nyumba pale, mwenyewe anataka ngapi?"

Kijana wangu, si umesoma pale?

"Nimesoma mzee. Nikadhani maongezi yapo."

Bi mkubwa kasikia. Hakugomba, hata kusonya hakusonya. Kamgeukia yule fundi aliyekuwa anaosha brashi, akamuuliza kwenye kopo kumebaki rangi kiasi gani.